Mkono wa Kulia na Mwalo wa Katonga

Ninaowaandikia ni wale wanaoketi kwenye benchi la nje ya chumba cha mazoezi ya viungo, mkono mmoja umeubeba mwingine kana kwamba ni mtoto wa jirani. Sista Leokadia, mwenye chumba hicho, aliniomba nije niseme nao. Nilikataa kusema, nikakubali kuandika. Upande wa kulia wa mdomo wangu bado huchoka kabla yangu, na maneno ya mdomo kila mtu huyageuza apendavyo. Kugeuziwa maneno kumenitosha.

Sitaeleza kiharusi ni kitu gani, wapo waliosomea. Nitaeleza yaliyonipata mimi, Yahya, mtumishi wa serikali mstaafu, mkazi wa Kasingirima hapa Ujiji, niliyefanya kazi bandarini miaka yangu yote ya utumishi. Na kabla sijaendelea, nisahihishe mambo mawili yaliyozagaa mtaani. Imesemwa kwamba nilianguka nikigombana na mdogo wangu Shabani. Si kweli. Nilikuwa nimeketi kitandani asubuhi, nafunga kamba za viatu. Imesemwa pia kwamba ugonjwa huu uliletwa na wakimbizi waliokuwa wakivuka kwa wingi kutoka Burundi na Kongo, kama walivyosingiziwa kila kitu wakati ule, kuanzia kuhara hadi kupanda kwa bei ya muhogo. Kiharusi hakivuki ziwa kwa mtumbwi. Presha ni ya ukoo wetu. Baba yangu aliondoka nayo, na baba yake pia.

Asubuhi hiyo mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Kamba ya kiatu iliniteleza vidoleni. Nikaiokota, ikateleza tena. Nilikitazama kile kiatu kwa hasira, nikidhani kosa ni la kamba. Nikamwita mke wangu, Bi. Tausi, nimwambie aninunulie kamba nyingine, na sauti iliyonitoka haikuwa na neno hata moja ndani yake. Aliingia akicheka, akidhani namtania. Alipouona uso wangu akaacha kucheka.

Hospitalini korido zilijaa. Watu waliolala sakafuni walikuwa wametoka upande wa pili wa ziwa, wengi wao wamelowa, na harufu ya turubai mbichi ilikuwa imetawala kila mahali. Siwalaumu wauguzi. Lakini lipo jambo moja ambalo mgonjwa mwenzangu utakutana nalo, na ni bora ulijue mapema: utakapolala pale na mdomo umepinda, watu watakusema ukiwa unasikia. "Anakula?" walimuuliza Bi. Tausi. "Anaelewa?" "Alikuwa anafanya kazi gani?" Alikuwa! Nilikuwa nimelala hatua chache kutoka kwao, akili yangu nzima, nikipanga jibu lenye heshima, na kilichotoka kilikuwa mate.

Mguu ulirudi mapema kuliko mkono. Kabla mvua hazijapungua nilikuwa natembea kwa mkongojo hadi msikitini, japo nilikuwa nauburuta mguu. Maneno nayo yakaanza kurudi, nisipohimizwa. Mkono wa kulia haukurudi. Ulining'inia, kisha ukaanza kujikunja, vidole vikaingia kiganjani. Bi. Tausi alikuwa akinilisha kwa kijiko. Siku moja nilisukuma kijiko, uji ukamwagika juu ya kanga yake. Hakunikemea. Alikaa chini pale pale kwenye kigoda, akasema, "Mimi pia nina mikono miwili tu, Baba Zuhura." Tangu siku ile nilijifunza kula kwa kijiko kwa mkono wa kushoto, peke yangu, mbali na sinia la wenzangu. Wageni walipokuja nilisema nimeshakula.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Binti yetu wa mwisho, Zuhura, alikuwa ameshaposwa kabla sijaugua. Kijana aliitwa Idrisa, fundi wa mashine za boti, mtu mtulivu. Ilikubaliwa kwamba ndoa ifungwe kiangazi, mvua zikikatika. Hapa kwetu walii anapomuozesha binti yake humshika bwana harusi mkono wa kulia kwa mkono wake wa kulia, wakaketi magoti kwa magoti, na maneno yakasemwa mikono ikiwa imeshikana. Nilifanya hivyo kwa dada zake wawili. Kabla mvua hazijafika katikati, Shabani alikuja kunitembelea. Shabani ananunua dagaa mwaloni Katonga, boti za wavuvi zinakotia nanga, na kuwapeleka mikoa ya mbali; ana sauti ya mwaloni hata akiwa chumba cha mgonjwa.

"Kaka, usijisumbue na habari ya harusi," alisema. "Mimi nitasimama badala yako. Dini inaruhusu."

"Najua inaruhusu."

"Na sheikh amesema mkono si sharti. Ni mazoea tu ya watu. Unaweza kusema maneno bila kushikana."

"Hilo pia najua."

"Basi?"

"Basi sikuuliza kinachoruhusiwa."

Alimtazama Bi. Tausi, kama wote walivyokuwa wakifanya, ili apate tafsiri. Bi. Tausi akasema, "Umemsikia." Shabani akaondoka, lakini nilimsikia uani akimweleza Zuhura kanzu atakayoivaa yeye mwenyewe siku hiyo. Tangu hapo sikuwa na ugonjwa mwingine isipokuwa swali moja: je, mkono huu utaushika mkono wa Idrisa?

Nilimpelekea Sista Leokadia swali hilo. Ni mwanamke wa Kasulu, mfupi, asiye na subira na mtu anayejionea huruma. Aliniwekea mabakuli mawili juu ya meza, moja lina maharage.

"Hamisha moja moja, kwa mkono unaoumwa. Ukimaliza, yarudishe."

"Sista, nimeongoza ofisi yenye watu. Siwezi kukaa nikihamisha maharage."

"Mwakeye, mheshimiwa," alisema, akinisalimu upya kwa Kiha kama mtu aliyeingia sasa hivi. "Maharage hayajui ulikuwa nani. Lakini sawa. Tafuta kazi ya vidole unayoiheshimu, uje uniambie ni ipi. Usipokuwa nayo wiki ijayo, maharage yanakungoja."

Kwenye ofisi yangu ya zamani kulikuwa na kasha la kioo lenye mfano mdogo wa gati, na meli, na watu wadogo waliosimama kando ya mizigo. Sijui aliutengeneza nani. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiutazama nikisubiri simu ziunganishwe, na nilijua mahali pa kila mtu. Nikaamua kutengeneza wa kwangu. Sikuchagua gati, nilichagua mwalo wa Katonga, asubuhi boti zinaporudi na dagaa wanaanikwa mchangani, kwa sababu ninaweza kuuona nikifumba macho. Kipimo nilikiweka mara moja, maana kazi bila kipimo ni mchezo: sentimita moja ya mfano kwa mita moja ya ardhi. Tulikuwa na mlango wa zamani uliotolewa stoo. Zuhura akaulaza juu ya mapipa mawili barazani, na hiyo ndiyo ikawa ardhi yangu.

Sikuwa nimewahi kutengeneza hata kigoda. Siku za mwanzo nilifanikiwa kumwaga gundi na kujikata kidole cha mkono mzima. Majirani walipita barazani wakitoa shikamoo, wakikaza macho wasicheke. Mmoja hakukaza. "Mzee Yahya anacheza kibaba na mama," nilimsikia, na mwenzake akajibu, "Mwache, heri hivyo kuliko kupiga kelele." Nikaokota kisu, nikaendelea kuchonga.

Hapo ndipo Pontien anapoingia. Tulikutana kwenye benchi la Sista. Alikuwa Mrundi, muuza mawese wa soko la Ujiji, Mkristo mwenye rozari mfukoni, na kiharusi chake kilimpiga kushoto. Ieleweke vizuri: Pontien hakuvuka na watu wa miaka ile. Alivuka akiwa kijana, katika mkumbo wa zamani, akateremkia Kagunga, akaja huku, akaoa, akalima michikichi, akazeeka. Watoto wake hawajui Bujumbura iko upande gani. Lakini kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa na Kirundi ndani yake, kila alipoketi kwenye benchi lile kulikuwa na mtu wa kusema kwa nguvu kwamba wakimbizi wamejaza hospitali. Alikuwa akiitikia "Ego," yaani ndiyo, kwa sauti ya upole kabisa, kisha akasogea ili aliyesema apate nafasi ya kukaa.

Alikuja barazani kwangu kuutazama mlango. Akazunguka mara moja.

"Shefu," alisema, yaani bosi, jina aliloniita siku zote kwa kejeli, "mimi nina wa kulia. Wewe una wa kushoto. Tukiunganishwa tunapata mtu mmoja mzima, mzee kidogo."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilishikilia, yeye akakata. Yeye alibana, mimi nikapaka gundi. Boti tulizichonga kwa ubavu wa jani la mchikichi, ule mwepesi ambao watoto huchongea magari. Watu tuliwafanya kwa njiti za kiberiti zilizokatwa chini kidogo ya nusu, tukawavisha vipande vya kanga. Mchanga ulikuwa wa Katonga wenyewe. Shabani aliuleta kwenye mfuko wa rambo, akisema kwamba ukoo wetu sasa umekamilika, hata kichaa umempata. Dagaa ilikuwa karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti za sigara, iliyokatwa ikakatwa hadi ikawa vumbi linalong'aa. Kwa taa za karabai zinazoning'inia kwenye boti za usiku tulihitaji shanga nyeupe ndogo. Bi. Tausi aliingia ndani, akatoka na uzi mzima wa shanga, akaniwekea kiganjani.

"Mtu akiuliza umezitoa wapi," alisema, "sema umeokota."

Pontien akageuka kutazama barabara kwa adabu kubwa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Ziwa lilitushinda mara ya kwanza. Tulipika wanga wa muhogo, tukatia rangi ya bluu, tukaumimina. Ulikauka vizuri, ukang'aa, tukaufunika kwa shuka, na mende wakaula. Walianzia upande wa Kongo wakaja hadi karibu na ufuo. Mara ya pili tulitumia kioo cha dirisha kilichopakwa rangi kwa chini.

Ugomvi wetu mmoja tu ulikuwa juu ya mtumbwi. Pontien alitaka mtumbwi wake, ule uliomvusha, uwekwe ufukoni.

"Hauwezi kuwekwa," nilimwambia. "Wewe uliteremkia Kagunga. Hapa ni Katonga. Ukiwekwa hapa, mfano wote ni uongo."

"Basi isogeze Kagunga."

"Kwa kipimo chetu Kagunga iko nje ya uwanja huu, nje ya mtaa huu."

"Oya, hapana, Shefu. Wewe una kipimo, mimi nina mtumbwi."

Mwishowe tulikubaliana kwamba mtumbwi usifike. Utawekwa pembeni kabisa mwa kioo, kaskazini, ukiwa bado majini. Mahali pale hakuna ambaye angeweza kusema unaelekea wapi. Alisema atauchonga mwisho, kazi nyingine zikiisha.

Miezi ile ilikuwa mizuri, na ninaandika hivyo nikijua kilichofuata. Nilisahau kuumwa. Tulipokwenda kwa Sista tulikuwa tumechoka kwa kazi, tukamwambia tunafanya mazoezi kila siku, naye akatuamini kwa sababu korido zilikuwa zimejaa na hakuwa na muda wa kutushuku.

Mvua zilipokuwa zikikatika, ilitoka amri kwamba Warundi wote wanaoishi nje ya kambi wahamie kambini. Nilidhani haimhusu Pontien. Asubuhi moja mke wa Pontien alikuja barazani, akaniambia wameambiwa wajiandae. Nilimwambia Zuhura anivishe suti na kunifunga tai, nikaenda kwa mkongojo hadi kwenye ofisi iliyohusika. Kijana aliyenipokea alisimama, akanipa shikamoo, akanipa kiti. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njiani. Nilitaka kumwambia kwamba ninaijua amri na nimetekeleza nyingi, na kwamba ninajua pia tofauti kati ya mtu aliyefika juzi na mtu aliyefika kabla yeye hajazaliwa. Lakini nilikuwa nimetembea sana na nilikuwa na hasira, na ugonjwa huu hauombi kitu kingine zaidi ya hivyo viwili. Mdomo ukafunga. Kilichotoka ni ile sauti ya siku ya kiatu.

Kijana alimtazama Zuhura. "Mzee anasemaje?"

Zuhura alimweleza, vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Kijana akasema, "Dada, yeye mwenyewe ametumikia serikali. Anajua amri ni amri." Kisha akatusindikiza hadi mlangoni, akinishika kiwiko cha mkono uliokufa, kwa heshima zote.

Pontien alipandishwa lori pamoja na familia yake. Hakuwa na mzigo mkubwa. Alinishika bega kwa mkono wake mzima, akasema, "Shefu, baki na mtu wako nusu." Sikuweza kumjibu, na safari hii sikuulaumu mdomo.

Wiki hiyo nilikwenda kwa Sista peke yangu. Akaukunjua mkono wangu wa kulia, au alijaribu. Kucha zilikuwa zimeacha alama kiganjani. Aliushika tena, akaugeuza.

"Mkono huu haujafanya kazi," alisema.

"Umefanya kazi kila siku. Njoo uone. Boti saba, watu zaidi ya..."

"Mkono gani ulichonga?"

"Wa Pontien."

"Na ulioshika?"

Niliutazama mkono wangu wa kushoto.

"Mungu wangu," alisema. "Mlikuwa mnaazimana mikono. Wewe umekula wa kwake, yeye amekula wa kwako, na hii miwili inayoumwa imelala njaa." Alikaa. Sikuwahi kumwona akikaa. "Harusi lini?"

Nikamwambia.

"Wakati uliobaki hautoshi," alisema. "Lakini tuanze."

Wagonjwa wenzangu, hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Tukio lenyewe halina mashujaa. Sisi wawili tulifanya jambo la kindugu na la kiakili, na jambo hilo ndilo lililotupunguzia mikono. Mkono mzima ni mkarimu mno. Utakufanyia kila kitu hadi uliougua usahau njia ya kurudi. Sista alinifunga mkono wa kushoto kiunoni kwa kanga ya Bi. Tausi, akaniagiza nikae hivyo tangu baada ya chai hadi adhana ya adhuhuri, kila siku, na kazi yoyote itakayofanyika pale barazani ifanywe na yule mvivu.

Kiangazi kiliingia. Upepo wa kusini ulileta vumbi, likaingia kwenye kioo changu cha ziwa. Kila asubuhi Bi. Tausi aliuweka mkono kwenye beseni la maji ya moto, akavinyoosha vidole kimoja kimoja huku akiniambia habari za mtaa, ili nisihesabu maumivu. Kisha alinifunga. Nilikuwa sijawahi kufungwa na mtu maishani mwangu. Kulikuwa na asubuhi nilizoketi mbele ya mlango ule na kushindwa kuokota njiti moja ya kiberiti, na nililia, na sioni sababu ya kuficha, kwa kuwa na wewe utalia. Nilibomoa kichanja cha dagaa tulichokijenga na Pontien kwa wiki nzima; kiwiko kiliruka chenyewe kikakipiga. Nilikijenga upya. Cha pili kimepinda, na kipo hadi leo.

Vidole vilianza kufunga kabla ya kufungua. Hilo Sista alinieleza mapema: mkono wa namna hii hurudi kinyumenyume, unashika kabla ya kujua kuachia. Nikimshika mtu wa kijiti, nilikuwa naye mkononi hadi Zuhura aje amtoe. Alikuwa akija kutoka jikoni na unga mikononi, anainamisha kifundo changu cha mkono, anaanza na kidole gumba, anamchukua yule mtu na kuuliza, "Huyu anakaa wapi, Baba?" Nikimwelekeza, anampandikiza mchangani. Wengi wa watu wa upande wa sokoni tuliwaweka hivyo, mimi na yeye, tukijua sote kwamba siku zake katika nyumba ile zinakwisha, na tukiongea habari za gundi.

Siku chache kabla ya harusi, Sista alirudi kutoka kambini, ambako alikuwa akienda mara moja moja kusaidia. Alinitolea kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Ulikuwa mtumbwi. Ulikuwa kitu kibaya kabisa: ubavu mmoja mnene, mwingine umetobolewa na kisu, omo, ile ncha ya mbele, imeinama kama pua ya mtu aliyepigwa.

"Amechonga kwa mkono wa kushoto," Sista alisema. "Nilimsimamia mwenyewe. Amekutukana kwa Kirundi muda wote."

"Amesemaje?"

"Siyo maneno ya kumwambia mstaafu."

Niliubandika pembeni mwa kioo, kaskazini. Kwa kipimo chetu ni mtumbwi mkubwa kupita kiasi, karibu meli. Nimeuacha hivyo. Pontien bado yuko kambini ninapoandika haya, na nimeshaandika mahali panapostahili, zaidi ya mara moja, na sijajibiwa.

Siku ya ndoa mlango wenye mfano ulihamishiwa ndani kwa sababu ya watu. Wanaume waliotangulia waliuzunguka. Nilitegemea mzaha. Badala yake niliona vidole vikinyooshwa. "Hapa ndipo boti ya mzee Juma inapofungwa." "Huyu mama wa kanga nyekundu si ndiye...?" Shabani, akiwa amevaa kanzu aliyoiandaa tangu wakati wa mvua, aliinama hadi pua ikakaribia mchanga. "Hiki kichanja changu," alisema. "Mbona umekipindisha, kaka?" Nikamwambia mfano ni wa kweli. Watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, ambayo sikujua kama anayo, "Utaweza?"

"Sijui," nikamwambia. "Kaa karibu."

Akaketi nyuma yangu. Nilishushwa mkekani. Idrisa alikaa mbele yangu, magoti yake yakigusa yangu, akanyoosha mkono wa kulia. Nilimwomba sheikh anipe nafasi kidogo. Niliunyanyua mkono wangu kwa kuusaidia chini ya kiwiko na ule wa kushoto, kama Sista alivyonifundisha, nikaupeleka mbele. Nilisikia wanawake chumba cha pili wakiulizana kuna nini. Kiganja kikagusa kiganja. Nikaviambia vidole vifunge, na kwa muda havikufanya lolote, nikawa nimeshakata tamaa, nikawa naanza kugeuza kichwa nimtafute Shabani. Kisha vikafunga.

Nilisema maneno yote. Yalitoka polepole, moja likisubiri jingine, lakini kila moja lilitoka likiwa zima, na jina la Zuhura na la baba yake yalisikika hadi mlangoni. Idrisa akajibu kwamba amekubali. Dua ikasomwa, watu wakapangusa nyuso zao, vigelegele vikalipuka upande wa wanawake, na sinia la haluwa likaanza kupita.

Mimi na Idrisa tulikuwa bado tumeshikana.

"Mzee," alininong'oneza, "dua imekwisha."

"Najua."

"Nivute?"

"Usivute. Ukivuta, mkono unabana zaidi."

Shabani aliona. "Jamani, kaka hataki kumwachia!" alipaza sauti, na nyumba nzima ikacheka. "Hajaridhika na mahari! Ongeza, kijana, ongeza!" Mtu mwingine akasema kwamba baba wa binti wa mwisho ndivyo alivyo, hata yeye alifanya hivyo kwa binti yake. Nilimwacha kila mmoja aamini alichoamini. Jasho lilikuwa linanitiririka ndani ya kanzu.

"Inamisha kifundo changu," nilimwambia Idrisa, mdomo karibu na sikio lake. "Taratibu. Chini. Halafu anza na kidole gumba."

Hakugeuka kutazama waliokuwa wanacheka. Aliushika mkono wangu kwa mkono wake wa kushoto, akainamisha kifundo kama mtu anayelegeza nati iliyoshika kutu, bila pupa. Kidole gumba kikatoka. Akapumzika kidogo, akashika cha pili.

"Inauma, baba?"

"Haiumi," nilimwambia. "Endelea."